Kukokota boti zenye mizigo: usalama wa kamba kwa wafanyabiashara na wasafirishaji wa Kasese na Bwera

Mfanyabiashara wa Bwera akizungumzia usafiri huzungumzia lori. Mzigo umetoka Mombasa, umepita Malaba au Busia, umefika Mbarara, umevuka daraja la Katunguru, umekata kushoto Kikorongo na sasa uko Mpondwe ukisubiri kuvuka kwenda Kasindi. Maji hayatajwi. Hata hivyo, katika safari hiyo na ile inayoendelea ndani ya Kongo, mzigo hukutana na maji zaidi ya mara moja, na mara nyingine chombo kinachoubeba hakina injini yake chenyewe bali kinavutwa au kusukumwa na kingine.

Makala hii inaeleza jinsi ajali za kukokota zinavyotokea na mambo ambayo mwenye mzigo anaweza kuyazuia. Mimi nilisomea uchumi, si unahodha. Lakini baada ya miaka ya kuandika habari za biashara ya mpakani nimeona kwamba ajali nyingi za aina hii huanzia nchi kavu, pale bei inapokubaliwa na magunia yanapohesabiwa. Hapo ndipo mwenye mzigo ana sauti kuliko nahodha.

Wapi mzigo wako unakutana na kamba

Karibu kabisa na Kasese kuna maziwa mawili. Ziwa George lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 250 na kina cha wastani kisichofika mita 3. Ziwa Edward ni kubwa zaidi, kama kilomita za mraba 2,300, na sehemu kubwa yake, karibu asilimia 70, iko upande wa Kongo. Mlango wa Kazinga unayaunganisha. Mialo ya Katwe, Kayanzi, Katunguru, Kasenyi, Hamukungu na Kahendero iko katika wilaya ya Kasese. Upande wa pili kuna Kyavinyonge na Vitshumbi.

Biashara ya maji hapa si jambo jipya. Chumvi ya Katwe ilivushwa kwa mitumbwi kabla ya kuwepo mpaka wowote, na mwaka 1891 Kapteni Lugard alijenga ngome yake, Fort George, hapo hapo Katwe kwa sababu aliyeshika chumvi alishika biashara ya eneo zima.

Katika maziwa haya hakuna tagi kubwa kama zile za bandarini. Kukokota kunakofanyika ni kwa boti yenye injini ya kubandika nyuma kuvuta boti nyingine. Mara nyingi ni kwa sababu injini ya ile ya pili imezimika, mara nyingine ni kwa sababu mwenye boti mbili ana injini moja na anataka kuokoa petroli. Hii ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa kuwa inafanywa kwa makusudi na mzigo ukiwa kamili.

Mbali zaidi, mzigo wa Kasese unakutana na tagi za bandari ya Mombasa zinazosaidia meli kuingia Kilindini. Ukipitia Ziwa Victoria kutoka Mwanza au Kisumu hadi Port Bell, utabebwa na meli zinazojiendesha zenyewe kama MV Umoja, iliyorudi katika safari ya Port Bell mwaka 2018, lakini pia kuna matishali katika ziwa hilo. Na yule anayepeleka bidhaa kutoka Beni na Butembo hadi Kisangani akitaka ziendelee kuelekea Kinshasa, mbele yake kuna zaidi ya kilomita 1,700 za Mto Kongo. Huko kazi kubwa hufanywa na meli za kusukuma, zikiwa zimefungiwa matishali mbele yake, na abiria wamekaa juu ya mizigo.

Kamba ndiyo yenye hatari

Dereva wa trela ataelewa haraka. Trela isiyo na breki, ikishuka mlima nyuma ya lori, ndiyo inayoamua mwendo. Boti inayovutwa ni trela isiyo na breki wala usukani wa kutegemewa, na kiungo chake ni kamba inayoweza kulegea na kukaza ghafla.

Hatari ya kwanza ni kamba kukatika. Nguvu inayohitajika kuvuta boti haiongezeki sawa na mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, maji huzuia kwa nguvu ya takriban mara nne. Nahodha anayetaka kufika kabla ya mvua akatoka kilomita 4 kwa saa hadi 8, ameizidishia kamba kazi mara nne, na hapo mawimbi bado hayajahesabiwa. Wimbi likiinua boti ya mbele wakati ya nyuma inashuka, kamba hulegea kisha hukazwa kwa mshtuko. Mshtuko huo ndio unaokata kamba ambayo ilionekana nzima asubuhi.

Kamba ya nailoni hunyumbuka sana, na kunyumbuka huko ni kuzuri kwa sababu kunapunguza mshtuko. Lakini ikikatika hurudi kama mpira wa manati. Niliwahi kuona hilo katika mwalo mmoja wa Ziwa George. Boti iliyojaa ilikuwa imekwama kwenye tope, kamba ikakatika, na ncha yake ikapasua ubao wa benchi ambao kijana alikuwa ameukalia dakika chache kabla. Kamba za plastiki zinazoelea, zile za buluu na kijani zinazouzwa kila duka la vifaa, hazinyumbuki kama nailoni na jua huziharibu polepole. Ukiikunja kamba ya namna hiyo ikatoa unga au nyuzi fupi fupi mkononi, imekwisha, hata kama inaonekana nene. Ya katani huoza kwa ndani ikikaa na unyevu. Ifungue nyuzi zake uangalie katikati, kwa sababu nje haitakuambia kitu.

Hatari ya pili haijulikani sana na wenye mizigo, nayo ndiyo inayoua wavutaji wenyewe. Boti inayovuta ikigeuka, au ile ya nyuma ikienda pembeni, kamba huacha kuvuta kwa nyuma na kuanza kuvuta ubavuni. Boti ndogo huinama upande mmoja, maji huingia, na hupinduka kwa muda mfupi kuliko inavyochukua kusoma aya hii. Ni sawa na lori kukunjwa na trela lake, ila huku hakuna lami ya kulalia.

Tagi kubwa za kisasa hazijasalimika na jambo hili. Tarehe 19 Desemba 2007, katika Mto Clyde huko Uskoti, tagi iitwayo Flying Phantom ilikuwa ikisaidia meli ya mizigo ya Red Jasmine ndani ya ukungu mzito. Kamba iliivuta kwa ubavu ikapinduka. Kati ya mabaharia wanne, watatu walikufa. Ilikuwa na mtambo wa kuachia kamba kwa dharura, lakini kamba haikuachia kwa haraka iliyotakiwa.

Kama chombo chenye mtambo maalumu kilishindwa, boti ya mbao itegemee nini? Itegemee vitu vitatu vya bei ndogo. Kwanza, kamba isifungwe kwa fundo linalojikaza. Izungushwe kwenye kigingi imara ili mtu aweze kuilegeza ikiwa imekaza. Pili, panga au kisu kikali kiwe karibu na kamba, kimefungwa kwa uzi kisidondoke, na mtu mmoja ajue kwamba kazi yake ni hiyo. Tatu, boti inayovuta isifungwe kamba kwenye kona moja ya nyuma. Kamba mbili fupi zitoke kona zote mbili za nyuma, zikutane nyuma ya injini, na hapo ndipo kamba ndefu ianzie. Mvuto hubaki katikati na propela haiguswi.

Upande wa boti inayovutwa, kamba ifungwe mbele kabisa na chini, karibu na usawa wa maji, si kwenye benchi wala kwenye ukingo wa juu. Mzigo wake usogezwe kidogo nyuma ili mbele isichimbe maji. Boti inayovutwa ikiwa nzito mbele hupepesuka kushoto na kulia kama mbuzi anayevutwa sokoni, na kila inapopepesuka inaikaribisha ile hatari ya kuvutwa ubavu. Awepo mtu mmoja au wawili wenye kasia la kuelekezea, si kumi na watano waliokaa juu ya magunia.

Urefu wa kamba nao una hesabu yake. Ziwani iachwe ndefu, na irekebishwe mpaka boti zote mbili ziwe zinapanda wimbi pamoja na kushuka pamoja. Katika Mlango wa Kazinga na karibu na mwalo ifupishwe, vinginevyo ya nyuma itakwenda inakotaka. Mnapofika, msisimame ghafla. Ya nyuma itaendelea kuja na kumgonga aliyeketi kwenye injini. Wanaojua kazi hupunguza mwendo mapema, kisha huzifunga boti ubavu kwa ubavu huku wameweka matairi ya zamani katikati, na kila mtu amerudisha vidole vyake ndani.

Aidha, asiwepo mtu anayeruka kamba, kuikalia au kusimama ndani ya mzunguko wake. Hili linajulikana na kila mtu na linavunjwa kila siku.

Hesabu ya mzigo

Wafanyabiashara wanapenda hesabu, kwa hiyo nitaweka moja hapa. Chukua boti ya mbao yenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 1.5. Kwa kuwa imechongoka mbele, eneo lake kwenye usawa wa maji ni kama mita za mraba 9 na nusu. Tani moja ya mzigo itaizamisha kwa takriban sentimita 10 na nusu. Tani moja ni mifuko 20 ya saruji ya Hima. Mifuko 30 itaizamisha sentimita 16. Ongeza watu wanne na dumu za petroli, ni sentimita 3 au 4 zaidi. Kama ubavu wake ulikuwa sentimita 40 juu ya maji ikiwa tupu, sasa umebaki na 20.

Katika maji tulivu sentimita 20 zinatosha. Ikivutwa hazitoshi, kwa sababu mwendo husukuma maji kupanda mbele, na kamba iliyofungwa vibaya huivuta mbele iiname. Maji yakianza kuingia, uzito unaongezeka, ubavu unapungua, na maji mengi zaidi yanaingia. Maharage na mihogo mikavu hunywa maji na kuwa mizito. Chumvi huyeyuka na kuacha gunia tupu, jambo ambalo kwa boti ni nafuu lakini kwa mwenye mali si nafuu hata kidogo. Saruji iliyolowa haina mnunuzi.

Kuna hesabu nyingine ambayo sijaona mwuza injini yeyote akiitaja. Nguvu iliyoandikwa kwenye injini ilipimwa katika hewa ya usawa wa bahari. Ziwa Edward liko mita 900 na ushee juu ya bahari, na injini isiyo na mtambo wa kusukuma hewa hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Injini ya nguvu-farasi 25 hapa inafanya kazi kama ya 23 hivi. Anayepanga kuvuta boti mbili kwa kuangalia namba iliyo kwenye kifuniko ameanza safari akiwa na upungufu, na upungufu huo ataugundua upepo ukiwa umempinga.

Kwa nini basi boti zinajazwa kupita kiasi wakati kila mtu anaona maji yako wapi? Jibu liko kwenye malipo. Ukimlipa mwenye boti kwa gunia, kila gunia la ziada ni lake. Ukimlipa kwa safari nzima, kila gunia la ziada ni lako, na wewe ndiye utakayemsihi aongeze. Njia zote mbili zinamlipa mtu ili ajaze, na kubadilisha mmoja kwa mwingine hakutibu kitu. Kinachotibu ni mpaka unaoonekana na wote, uliowekwa kabla mtu yeyote hajaanza kuhesabu fedha. Waingereza walilazimisha meli zao kuchorwa alama hiyo kwa sheria ya mwaka 1876, baada ya Samuel Plimsoll kupigania jambo hilo bungeni kwa miaka. Kwa boti ya Katwe inatosha mstari wa rangi nyeupe ubavuni. Mstari ukizama, gunia la mwisho linashuka, liwe la nani. Na kwa boti itakayovutwa mstari uwe chini zaidi kuliko wa boti inayojiendesha.

Ziwa lenyewe

Upepo wa maziwa haya hubadilika haraka. Asubuhi mara nyingi kumetulia, mchana mawingu hujikusanya juu ya Rwenzori, na katika misimu ya mvua ngurumo hufika kabla hujamaliza kukunja turubai. Ziwa George kwa kuwa halina kina huinua mawimbi mafupi yaliyosimama, ambayo kwa boti mbili zilizounganishwa kwa kamba ni mabaya kuliko mawimbi marefu. Safari ya kukokota ni ya polepole. Safari ya saa mbili inakuwa ya nne, na aliyeondoka saa nne asubuhi akidhani atawahi atajikuta bado ziwani kuelekea saa nane mchana. Aondoke alfajiri au asubiri kesho.

Viboko ni wengi katika Mlango wa Kazinga na kandokando ya maziwa yote mawili. Boti iliyo peke yake inaweza kukwepa. Boti iliyofungiwa nyingine nyuma haikwepi kitu. Ikigeuka ghafla inajitafutia mvuto wa ubavu. Nyavu zilizotegwa nazo ni tatizo, kwani propela ikinaswa boti inayovuta husimama na ile ya nyuma haisimami.

Usiku usiende. Kama ni lazima, kwa mfano mnamrudisha mtu aliyeharibikiwa, boti ya nyuma kabisa iwe na taa. Kanuni za kimataifa zinataka chombo kinachokokota kiwashe taa mbili nyeupe moja juu ya nyingine, na tatu kama msafara unazidi mita 200, pamoja na taa ya njano nyuma. Wavuvi wa hapa hawasomi taa hizo, na sitajifanya kwamba wanazisoma. Lakini mvuvi anayeona boti moja imepita, asione nyingine gizani, atakatiza katikati na kukutana na kamba kifuani. Taa moja ya tochi kwenye boti ya nyuma inazuia hilo.

Tusisahau mpaka. Ziwani hakuna ukuta wala bango. Julai 2018 wanajeshi wa majini wa Uganda na wa Kongo walirushiana risasi katika Ziwa Edward na watu wakapoteza maisha. Boti iliyokatikiwa kamba huenda upepo unakotaka, na upepo hauulizi pasipoti. Zaidi ya hayo, bidhaa za kuvuka kwenda Kongo zinapitia forodha Mpondwe. Anayezipeleka kwa boti usiku ili kukwepa ushuru amejinyima msaada wote. Hatapiga simu akipata shida, na wanaomwona hawatajua ni wa kuokolewa au wa kukamatwa.

Barabara ikifungwa

Ajali mbaya za majini katika ukanda huu zimetokea pale watu waliozoea barabara walipohamia majini kwa haraka. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ya MV Merdi ikitoka Minova ilipinduka mbele ya gati la Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakiitazama. Makumi ya watu walikufa. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na sababu mojawapo ya kujaa ni kwamba barabara ya kutoka Minova ilikuwa imekatwa na vita. Katika Mto Kongo, Aprili 2025, boti ya mbao iitwayo HB Kongolo iliungua karibu na Mbandaka baada ya moto wa kupikia kushika, na zaidi ya watu 140 walipoteza maisha. Katika Ziwa Albert, Desemba 2016, boti iliyobeba wachezaji wa mpira na mashabiki wao ilipinduka na takriban 30 wakafa.

Mazingira ya namna hiyo tunayafahamu Kasese. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, madaraja na barabara zikaharibika. Reli iliyofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe haifanyi kazi tangu miaka ya mwisho ya 1990, kwa hiyo barabara ikikatika hakuna njia nyingine ya nchi kavu yenye uwezo wa kubeba uzito. Siku hiyo bei ya boti inapanda, na mwenye injini moja ataambiwa avute boti tatu. Mstari wa rangi niliousema huchorwa kabla ya siku hiyo, kwa kuwa siku yenyewe hakuna atakayekubali.

Kuna somo jingine kuhusu madaraja, na linatoka mbali. Usiku wa tarehe 22 Septemba 1993, karibu na mji wa Mobile huko Alabama, Marekani, meli ya kusukuma iitwayo Mauvilla ilipotea katika ukungu ikiwa na matishali sita mbele yake. Iliingia mkondo usiokuwa wake ikagonga daraja la reli la Big Bayou Canot. Aliyekuwa kwenye usukani alidhani amegonga mchanga. Dakika chache baadaye treni ya abiria ilifika, ikaanguka, na watu 47 wakafa. Hakuna tishali la ukubwa ule Kazinga. Hata hivyo kila lori la Mbarara kwenda Mpondwe linapita juu ya daraja la Katunguru, na boti zinapita chini yake. Lililowaua abiria wale lilikuwa ni mtu kugonga kitu na kutotoa taarifa kwa sababu hakujua amegonga nini. Ukigonga nguzo, hata kidogo, simama na utoe taarifa.

Marekani ilichukua muda mrefu kuweka mambo sawa. Kanuni zinazotaka meli nyingi za kukokota zikaguliwe na ziwe na utaratibu wa usalama ulioandikwa zilitolewa mwaka 2016, na utekelezaji ukaanza Julai 2018. Kabla ya hapo nyingi zilikuwa zikifanya kazi bila cheti cha ukaguzi.

Sheria, na nani analipa

Uganda ilipitisha Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021, iliyochukua nafasi ya sheria za zamani zilizotawanyika. Inataka vyombo visajiliwe, vikaguliwe na viwe na leseni, na inasimamiwa na Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria ya mwaka 2007, lakini kama jina lake linavyosema, ni ya Ziwa Victoria. Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, jambo lililoleta matumaini kwa wafanyabiashara wa Mpondwe, ila sheria hiyo haikuhamia Ziwa Edward kwa sababu hiyo.

Katika mikataba ya kimataifa ya kukokota, kama ule uitwao TOWCON unaotolewa na chama cha wenye meli cha BIMCO, kanuni ya msingi ni kwamba kila upande unabeba hasara ya chombo chake, bila kuangalia kosa ni la nani. Mwenye boti ya mbele hamdai wa nyuma, na wa nyuma hamdai wa mbele. Kwa wenye vyombo ni utaratibu mzuri kwani unapunguza kesi. Mwenye mzigo asidhani kwamba akiwa na watu wawili mbele yake ana wawili wa kudai. Anaweza kujikuta hana hata mmoja, hasa kama makubaliano yalikuwa ya mdomo.

Lipo pia jambo la hasara ya pamoja. Ni kanuni ya kale ya bahari, siku hizi imeandikwa katika Kanuni za York na Antwerp: mali ikitupwa majini kwa makusudi ili kuokoa chombo na mizigo iliyobaki, wote waliookoka wanachangia kumlipa aliyetupiwa. Meli ya Ever Given ilipokwama Mfereji wa Suez Machi 2021 na kuondolewa kwa msaada wa tagi, mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja, na wenye mizigo walitakiwa kutoa dhamana kabla ya kupewa makontena yao. Kwenye boti zetu nahodha hutupa magunia yaliyo juu, na mwenye magunia ya juu huambiwa ni bahati mbaya. Wafanyabiashara wanaoshiriki boti moja waandikiane kabla ya safari kwamba kitakachotupwa kitalipwa na wote kwa uwiano wa thamani. Karatasi moja yenye sahihi inatosha.

Bima ya mizigo ipo, lakini soma masharti yake. Ulizia wazi kama inafunika mzigo ulio ndani ya chombo kinachovutwa na kama inataka chombo kiwe kimesajiliwa. Mwenye bima asiyeambiwa kwamba mzigo utakokotwa ana sababu nzuri ya kukataa kulipa.

Ajali ikitokea, watu kwanza. Kamba ikatwe mara moja kama boti moja inazama, kwa sababu itaivuta na nyingine. Makoti ya kuokolea yaliyofungwa ndani ya boksi hayamsaidii mtu, yawe yamevaliwa tangu mwalo. Mkishafika nchi kavu, toeni taarifa polisi na kwa uongozi wa mwalo siku hiyo hiyo, na mchukue nakala yenye namba ya kumbukumbu. Pigeni picha ya ncha zote mbili za kamba iliyokatika kabla mtu hajaikata zaidi, na picha ya mahali ilipofungwa. Hifadhini orodha ya mzigo yenye uzito, risiti za ununuzi na karatasi za forodha mahali pengine tofauti na boti. Boti isitengenezwe wala kuuzwa kabla wakala wa bima hajaiona.